Kesi yako inaanza usiku wa kwanza kituoni: wakili wa Mbeya anajibu maswali ya jinai

Wakili wa Soweto (mwanzisha uzi)

Wakuu, kamwene kwa wa Iringa, ugonile kwa wa kwetu.

Juzi nilikuwa nimekaa benchi la nje ya mahakama nasubiri jalada langu liitwe. Mama mmoja akaja kukaa pembeni yangu, kitenge kimefungwa fundo kiunoni. Akalifungua lile fundo, akaanza kuhesabu noti za elfu tano tano. Ameuza viazi. Kijana wake ameshikwa, na kuna bwana mmoja mwenye faili kwapani kamwambia "dhamana ni laki mbili, nipe mimi nikamalizie ndani". Nikamuuliza huyo bwana ni nani. "Si wakili mwenzako?" Tulipogeuka kumtafuta, keshapotelea upande wa stendi.

Yule ni kishoka, wakili feki. Dhamana haina bei. Sijui niandike mara ngapi. Ila nilipokuwa namweleza yule mama nikagundua nimeshayasema maneno yaleyale kwa watu wengi mno, bora niyaweke mahali pamoja. Ndiyo maana ya uzi huu. Jina langu sitaweka, kanuni za kazi yetu haziruhusu wakili kujitangaza kama muuza simu, na sitafuti wateja humu.

Kwa ufupi nimetokea wapi. Mimi ni mtoto wa Rungwe. Mama alikuwa anauza chai na maandazi karibu na mahakama ya mwanzo, na kazi yangu likizo ilikuwa kubeba chupa ya chai. Watu walikuwa wanatoka mle ndani, wanaagiza chai, halafu wanaulizana: "Hivi kasema nini?" Na hapo ni mahakama ya mwanzo, inayoendeshwa kwa Kiswahili! Nilipokuja kuingia mahakama za wilaya nikaona makubwa zaidi. Hukumu imeandikwa Kiingereza, mtu anafungwa miaka 30, anapanda karandinga akiuliza wenzake amefungwa mingapi. Mwaka 2021 sheria ilibadilishwa, Kiswahili kikawa lugha ya mahakama. Kwangu mimi hayo ni mabadiliko makubwa kuliko majengo yote mapya.

Njia ya kufika huku: shahada ya sheria miaka minne, kisha Shule ya Sheria Dar, kisha usaili na kuapishwa na Jaji Mkuu. Niliapishwa 2012. Kesi zangu za mwanzo zilikuwa zile za kupangiwa na mahakama, za mauaji, ambapo mshitakiwa hana uwezo na serikali inamlipa wakili. Malipo yake ukiweka mafuta ya kwenda Chunya na kurudi unabaki na ya soda. Lakini kule ndiko nilikojifunza kazi.

Na nilichojifunza ni hiki: kesi nyingi nilizoshindwa zilikuwa zimeshapotea kabla sijapewa. Zilipotea kituoni, usiku wa kwanza, kwenye karatasi ambayo mtu aliweka dole gumba bila kujua kilichoandikwa.

Angalizo moja. Sheria zetu zimetolewa upya, Toleo la 2023, lililoanza kutumika Julai 2025, na namba za vifungu vingi zimehama. Kwa hiyo namba sitaweka, nitaeleza jambo lenyewe. Karibuni kwa maswali.

---

Mtoto wa Uyole

Shikamoo wakili. Hapo kwenye usiku wa kwanza fafanua. Polisi wanaruhusiwa kukaa na mtu muda gani? Huku kwetu wanasema saa 24, lakini jirani yangu alikaa siku nne.

---

Wakili wa Soweto

Marahaba. Kuna hesabu mbili tofauti za muda watu wanazichanganya.

Ya kwanza ni hiyo ya 24. Mtu aliyekamatwa bila hati, kwa kosa lisilo la adhabu ya kifo, anatakiwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, au kama haiwezekani apewe dhamana ya polisi, isipokuwa mkuu wa kituo akiona kosa ni zito. Huo mlango wa "zito" ndio unaopitisha siku nne za jirani yako. Na ukikamatwa Ijumaa jioni, jiandae kisaikolojia, maana wikiendi mahakama hazikai kama kawaida.

Ya pili wengi hawaijui: muda wa kuhojiwa. Ni saa nne tangu ushikiliwe, na zinaweza kuongezwa kwa utaratibu. Ukikamatwa Makongolosi ukaletwa Mbeya mjini, muda wa safari hauhesabiwi. Maelezo yaliyochukuliwa nje ya muda huo bila sababu, wakili anayapinga, na mara nyingi mahakama huyatupa.

Wakati wa kuhojiwa una haki ya kuambiwa unatuhumiwa nini. Jina lako na anwani toa. Zaidi ya hapo hulazimiki kujibu. Una haki ya kuwa na wakili, ndugu au rafiki pale. Hayo siyo maneno ya kwenye sinema, yameandikwa juu kabisa ya karatasi ya maelezo ya onyo, yaani yale anayotoa mtuhumiwa kwa polisi, na wewe unasaini kwamba umeelezwa. Shida ni kwamba watu wanasaini hapo kwanza, halafu ndiyo wanaanza kuulizwa.

Niwape mkasa mmoja, nimebadilisha ya kubadilisha. Mkulima wa kahawa, Mbozi, alishitakiwa unyang'anyi wa kutumia silaha. Pikipiki iliporwa usiku, mwenye pikipiki kakatwa panga mkononi. Kituo alichohojiwa sitakitaja. Nilipopata nakala ya maelezo yake nikasoma: "Nikiwa na nia ovu na wenzangu ambao sikuwafahamu vema kwa majina, tulipanga njama za kutenda kosa hilo." Huyu mzee Kiswahili chake ni cha sokoni, nyumbani anaongea Kinyiha. Nikamfuata gereza la Ruanda, nikamwomba aniambie kwa maneno yake "nia ovu" ni nini. Akafikiri kwa muda. Akasema, "Ni ugonjwa?"

Chini ya ukurasa kulikuwa na dole gumba, wino wa bluu umetapakaa, na maneno "nimesomewa na nimeyaona ni sahihi".

Tulipinga yasipokelewe. Hakimu akasimamisha kesi ya msingi, tukaingia kwenye kesi ndogo ndani ya kesi, kujua kama aliyatoa kwa hiari. Kwa sheria, mzigo wa kuthibitisha hiari uko kwa upande wa mashtaka, si kwako. Tukashindwa hata hivyo: dole ni lake, hakuna alama ya kipigo, hakuna PF3 (ile fomu ya polisi ambayo daktari anajaza majeraha). Maelezo yakapokelewa. Miaka 30.

Sasa aibu yangu. Niliandaa sababu za rufaa, kurasa sita, maneno makubwa makubwa. Mzee mmoja niliyekuwa nashirikiana naye ofisi akachukua mwenendo wa kesi, yaani kumbukumbu ya yote yaliyofanyika mahakamani, akafungua, akatia kidole: "Hapa wameandika kielelezo kimepokelewa. Nionyeshe wameandika wapi kwamba kilisomwa." Hapakuwepo. Nilikuwepo siku ile, nimekaa mita mbili kutoka kwa hakimu, na sikuona. Hati ikishapokelewa lazima isomwe kwa sauti mahakamani ili mshitakiwa ajue inasema nini. Isiposomwa, mahakama ya rufaa inaifuta kwenye kumbukumbu kana kwamba haikuwahi kuwepo.

Mahakama Kuu hapa Mbeya ikayafuta maelezo. Ukabaki utambuzi: mwenye pikipiki alisema alimtambua kwa mwanga wa tochi. Mawakili wote nchini wanaijua kesi ya Waziri Amani ya mwaka 1980, ambapo Mahakama ya Rufani ilisema ushahidi wa kumtambua mtu kwa macho ni dhaifu, na usitegemewe mpaka uwezekano wote wa kukosea uwe umeondolewa: mwanga ulikuwa wa aina gani, umbali gani, alimwona kwa muda gani, walikuwa wanafahamiana. Na tochi yenyewe alikuwa ameishika nani? Wanyang'anyi. Walikuwa wanammulika yeye. Mtu akikumulika usoni usiku, unamwona? Jaribuni leo nyumbani.

Wakili wa Serikali mwenyewe akasimama akasema anaunga mkono rufaa. Mzee wa Mbozi akatoka baada ya miaka mitatu na miezi. Nje ya geti nilitegemea atalia, au atanishukuru. Kaniuliza, "Kahawa yangu alipalilia nani?"

---

Binti Tunduma

Aisee hiyo ya tochi imeniacha mdomo wazi. Wakili naomba kujua kuhusu dhamana. Kama haina bei, mbona mahakamani tunaambiwa milioni tano, milioni kumi?

---

Wakili wa Soweto

Dada, hilo swali ni zuri. Ile milioni tano ni ahadi, siyo malipo. Mdhamini anasaini kwamba mshitakiwa akiruka dhamana, yeye atalipa hiyo fedha. Mshitakiwa akihudhuria mpaka mwisho, mdhamini hadaiwi hata mia. Anachotakiwa kuwa nacho kwa kawaida ni kitambulisho, barua ya utambulisho kutoka kwa mtendaji wa mtaa au kijiji chake, na wakati mwingine awe mtumishi au awe na mali isiyohamishika. Ndiyo maana usimdhamini mtu unayemjua kwa sura tu ya kijiweni. Nimeona mwalimu kaitwa kujieleza kwa ajili ya shemeji wa rafiki.

Fedha halisi inaingia sehemu moja: kosa la mali au fedha nyingi zinazozidi kiwango cha kisheria. Hapo mshitakiwa anaweza kutakiwa aweke nusu ya thamani, taslimu au hati ya mali. Hata hiyo inawekwa kwa maandishi ya mahakama na inarudi, haipewi mtu mkononi nje ya uzio.

Kuna makosa hayana dhamana kabisa: mauaji, uhaini, unyang'anyi wa kutumia silaha, utakatishaji fedha, ugaidi, dawa za kulevya kuanzia kiasi fulani. Mwaka 2020 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu hicho ni kinyume cha Katiba, watu wakashangilia, halafu mwaka uleule Mahakama ya Rufani ikatengua. Kwa hiyo kipo. Binafsi naona hakimu angeachiwa apime mwenyewe kila kesi, lakini maoni yangu hayamtoi mtu rumande.

Mabadiliko mazuri ni ya 2022. Sheria inataka upelelezi ukamilike kabla ya kesi kufunguliwa, isipokuwa kwa makosa makubwa. Ule wimbo wa "upelelezi haujakamilika" kwenye kesi ndogo umepungua kwa kweli. Kwenye mauaji bado mtausikia sana.

---

Kamwene Mufindi

Mkuu, sisi huku tuna kesi ya kijana wetu. Alimpiga mwenzake chupa kilabuni, kashonwa nyuzi nane. Familia zimekaa, tumelipa matibabu na ng'ombe mmoja, wameridhika kabisa. Mlalamikaji anataka kufuta kesi, karani anamwambia haiwezekani. Inakuwaje mwenye kesi anakataliwa kufuta kesi yake?

---

Wakili wa Soweto

Kamwene mkuu. Jibu lake linauma: siyo kesi yake. Angalia juu ya hati ya mashtaka, imeandikwa Jamhuri dhidi ya kijana wenu. Aliyepigwa chupa ni shahidi. Kashafika kituoni, kapewa RB (namba ya kumbukumbu ya taarifa yake) na PF3, basi kesi imetoka mikononi mwake.

Sheria inaruhusu mahakama kuhimiza upatanisho kwa makosa madogo, mfano shambulio la kawaida, au ya kibinafsi ambayo hayajafikia uzito mkubwa. Nyuzi nane inategemea daktari kaandika nini kwenye PF3. Akiandika "madhara makubwa", mlango unakuwa mwembamba. Mnachoweza kufanya: mlalamikaji aandike barua ya kueleza wamepatana, ipelekwe kwa ofisi ya mashtaka ya mkoa, maana wao ndio wenye mamlaka ya kuiondoa. Na wakikataa, upatanisho huo hautapotea bure. Ukifika wakati wa adhabu, ng'ombe na risiti za hospitali vinasaidia sana.

Msichofanya ni kumficha shahidi. Msimpeleke shamba Usangu mpaka kesi ipoe. Hilo ni kosa jingine, na nimeshaona baba mtu mzima anaungana na mwanawe rumande kwa ajili hiyo.

Halafu, maana najua litaulizwa: kesi "ikifutwa" usipige vigelegele kabla hujajua imefutwaje. Ikiondolewa kabla mshitakiwa hajaitwa kujitetea, ameachiwa tu, anaweza kushitakiwa upya. Ndiyo wale wanaokamatwa tena palepale mlangoni. Ikiondolewa baada ya kuitwa kujitetea, ameachiwa huru, na kwa kosa hilo imekwisha. Muulize karani neno lililoandikwa.

---

Bondeni Kyela

Wakili usinichukie. Kuna kijana alimpa mimba mwanafunzi wa kidato cha tatu, wazazi wa pande zote wamekubali wamwoze. Unamtetea mtu kama huyo? Na wale wauaji je, usiku unalala?

---

Wakili wa Soweto

Nalala, ila siyo kila siku.

La mwanafunzi: kumpa mimba mwanafunzi ni miaka 30, na makubaliano ya wazazi hayahesabiki. Binti wa chini ya miaka 18 hawezi kutoa ridhaa inayotambuliwa na sheria, hata akija mahakamani kusema wanapendana. Wazazi wanaotengeneza ndoa hapo wanajitafutia kesi yao wenyewe. Nikiwa natetea kesi kama hiyo nitaangalia kama umri umethibitishwa, kama ni mwanafunzi kweli, kama ni yeye kweli. Vikiwepo vyote, nitamwambia mteja wangu ukweli kwa mlango kufungwa.

Kwa habari ya wauaji. Mteja akiniambia "nilifanya", siwezi kumpandisha kizimbani aseme alikuwa Makambako siku hiyo. Kudanganya mahakama hairuhusiwi. Ila naweza kuilazimisha Jamhuri ithibitishe bila kuacha shaka, na naweza kuuliza kama ni kuua kwa kukusudia au bila kukusudia. Watu hawajui tofauti hiyo ni kubwa kiasi gani. Ya kwanza adhabu ni moja tu, kunyongwa, jaji hana chaguo. Ya pili jaji anaweza kutoa kuanzia kifungo cha nje mpaka maisha. Kesi nyingi za vilabu vya pombe ya komoni huku kwetu ni za namna ya pili zilizofunguliwa kama ya kwanza.

Na ninyi mnaopiga vibaka Mwanjelwa, mjue. Mwizi akifa, aliyepiga teke moja na aliyeleta tairi wanaweza kusimama kizimba kimoja kwa shitaka moja la mauaji.

---

Mtoto wa Uyole

Ndaga fijo wakili. Swali la mwisho kwangu: rufaa mwisho siku ngapi?

---

Wakili wa Soweto

Inategemea umetoka wapi. Mahakama ya mwanzo kwenda wilaya, siku 30. Kutoka wilaya au hakimu mkazi kwenda Mahakama Kuu, toa kwanza notisi ya kusudio la kukata rufaa ndani ya siku 10, halafu rufaa yenyewe ndani ya 45, bila kuhesabu siku za kusubiri nakala ya hukumu. Ukiwa gerezani unaandikia kupitia ofisi ya mkuu wa gereza. Hizo siku 10 ndizo zinazoua watu. Familia inakuja kwangu mwezi wa pili tangu hukumu, baada ya mavuno, wameshapata fedha, na notisi haipo. Inabidi kwanza tuombe kuongezewa muda, na sababu ya "tulikuwa hatuna hela" majaji wameisikia sana.

Hela ikikosekana kabisa, tangu 2017 kuna Sheria ya Msaada wa Kisheria. Waulizeni maafisa ustawi wa jamii halmashauri wawaonyeshe wasaidizi wa kisheria waliosajiliwa. Hao ni wa bure.

---

Fundi Kabwe

Wakili uko hewani? Mdogo wangu wamemchukua sasa hivi hapa gereji, wanasema betri ya gari la mteja imepotea. Yuko kituoni. Nifanyeje?

---

Wakili wa Soweto

Nipo. Amka nenda sasa, usiende kesho. Ukifika mezani sema wewe ni ndugu yake, unaomba kujua anatuhumiwa nini na unaomba uwepo akihojiwa. Kwa upole, usianze na "najua haki zangu". Mwambie asome kabla ya kusaini, na kama kuna kitu hakukisema akatae kisiandikwe. Kama wamepekua gereji, angalia hati ya upekuzi imeandikwa betri ngapi na za aina gani. Kisha omba dhamana ya polisi. Uwe na kitambulisho na barua ya mtendaji.

---

Fundi Kabwe

Mtendaji wa mtaa wetu yuko msibani Tukuyu, simu haipatikani.

---

Wakili wa Soweto

Si lazima mdhamini awe wewe. Tafuta ndugu au rafiki anayeaminika anayekaa mtaa mwingine, aende kwa mtendaji wa kwake.

---

Fundi Kabwe

Wakuu, tumetoka saa kumi na mbili kasoro. Shemeji wa Iyunga ndiye kadhamini, hatujatoa hata mia. Anatakiwa kuripoti Jumatatu saa mbili. Kwenye maelezo walikuwa wameandika "nilichukua", yeye alisema "niliitoa nikaichaji". Wamelifuta wakaandika upya, akasaini pembeni. Betri yenyewe bado iko kwenye chaja hapa gereji, taa imekuwa ya kijani.